Askofu Aliyengoja Kuulizwa

Alikuwa na umri wa miaka saba walipomleta mjini Hasebrok awe askofu wetu, na neno la kwanza aliloniambia ni kwamba kofia inamwasha.

Nilikuwa nimeijaza sufu kwa ndani, la sivyo ingemshuka mpaka mabegani. Pete nayo ilikuwa ya mtu mzima, nikaizungushia uzi hadi ikakaa kidoleni. Mimi Gesche ndiye niliyetunza nguo za kanisa kuu: kufua, kupiga pasi, kukunja, kutoa madoa pale makanoni, mapadre wa kanisa hilo, walipodondosha mchuzi. Majira yale ya baridi homa ilikuwa imemchukua mume wangu pamoja na binti yetu, nami nikabaki kama gogo. Nikipewa pole nasema asante. Nikipewa chakula nakula. Nadhani ndiyo maana mtoto yule alipenda kukaa karibu nami, kwa kuwa kwangu hakukuta mtu wa kumchekea wala wa kumpigia magoti.

Msiniulize ilikuwaje mtoto asiye na meno ya mbele akabidhiwe dayosisi nzima pamoja na ardhi yake, misitu yake na magereza yake. Kwetu hakuna aliyeuliza. Baba yake alikuwa mfalme mwenye wana watatu. Wa kwanza aliwekewa kiti cha enzi, wa pili akapewa jeshi, na huyu Meinrad, kitinda mimba, akapewa sisi. Makanoni walipiga kura wakasema Roho Mtakatifu amewaongoza, na wiki ile ile mazizi yao yakajaa farasi wapya wa kutoka kusini. Roma ikatoa ruhusa. Mtoto angekuwa mtawala wetu na kula mapato ya kiti, huku kazi ya altareni akiifanya askofu msaidizi, mpaka mtoto akue na kupokea daraja takatifu mwenyewe.

Siku ya kusimikwa aliingizwa kanisani amebebwa juu ya kiti. Kabla ya zaburi ya tatu alikuwa amelala, mdomo wazi. Wazee wenye mvi wakapanda ngazi mmoja mmoja kuibusu pete, na kanoni mmoja alikuwa akimshikia mkono usianguke. Watu wa Hasebrok walitokwa machozi kwa furaha. Mimi nilikuwa naangalia uzi tu, usije ukalegea.

Mwezi wa pili, sikukuu ya mishumaa, alishika mshumaa mkubwa muda wote wa maandamano, na nta ikamtiririkia mkononi. Hakutikisika. Nilipomvua glavu baadaye, ngozi ilikuwa imevimba, nyekundu.

"Mbona hukusema, bwana mdogo? Hukuungua?"

Aliutazama mkono wake kama mkono wa jirani. "Sijui," akasema.

Nikampaka mafuta ya bata bukini. Sikumwambia kwamba hata mimi, nikijichoma na pasi siku hizo, nilikuwa naona alama kabla sijaona maumivu.

*

Askofu msaidizi wetu alikuwa Wessel Hagemann, mtoto wa msaga nafaka wa huko mtoni. Alikuwa mtu mwema, mnene, mwenye macho mabovu na heshima iliyopitiliza. Utotoni alifundishwa kuvua kofia hata gari la mkubwa likipita tupu, na uaskofu haukumwondolea tabia hiyo. Meinrad akiingia chumbani, hata akiwa na miaka minane na makamasi puani, Hagemann alisimama. Meinrad akisimama, Hagemann alimwendea. Kwa mujibu wa adabu za kwetu mtawala haitwi, wala hafuati mtu. Aliye chini ndiye anayesogea. Hagemann alikuwa akisogea namna hiyo tangu kuzaliwa.

Lakini altareni yeye ndiye aliyekuwa mkubwa, na hapo ndipo Meinrad alipojifunza jambo lililomkaa moyoni maisha yake yote. Alikuwa na miaka tisa au kumi, ameketi kwenye kiti chake cha kiaskofu, miguu ikining'inia, akimwangalia Hagemann akiwapa vijana ushemasi mdogo. Hiyo ndiyo daraja ambayo mtu akishaipokea harudi nyuma tena. Hataoa, hatakuwa na nyumba yake, basi. Vijana wanasimama mstari mmoja, mbali kidogo. Askofu ameketi mbele ya altare. Anawaambia: mpaka saa hii mko huru, fikirini sana, na kama mnataka, kwa jina la Bwana, sogeeni hapa. Anayetaka anapiga hatua moja mbele. Asiyetaka anabaki aliposimama, kisha anaenda zake.

Alinijia chumba cha nguo akihema, amekimbia mpaka pete imemtoka kidoleni.

"Mama Gesche, kumbe wanaulizwa!"

"Wanaulizwa, ndiyo."

"Na asiyetaka?"

"Anarudi kwao."

"Hachapwi?"

"Labda na mama yake. Kanisa halimchapi."

Akakaa juu ya kapu la nguo chafu akifikiri. "Mimi nitaulizwa lini?"

"Ukikua."

"Vilevile kama wao? Maneno yaleyale?"

"Yaleyale, bwana mdogo. Hata mfalme hawezi kuyaruka."

Toka siku hiyo alingoja. Wenzake wa rika lile hungoja farasi, hungoja upanga, hungoja ndevu. Yeye alingoja swali. Kila mwaka kidole chake kilinenepa nami nikapunguza uzi wa pete, na kila mwaka aliniuliza bado miaka mingapi. Mambo mengine yote aliyapokea kwa uso uleule mtulivu. Walimletea mwalimu wa Kilatini akasoma Kilatini. Walimwambia baba yake amefariki akavaa nyeusi, akauliza chakula cha mchana ni saa ngapi. Watu wakamsifu: tazameni utakatifu huo, kijana hayumbishwi na dunia! Mimi nilijua si utakatifu. Kijana alikuwa amekufa ganzi, na aliyekufa ganzi humtambua mwenzake.

*

Alipotimiza umri, kaka yake, mfalme mpya, alituma salamu kupitia kwa dekano wetu, mkuu wa makanoni, von Ostwick. Ruhusa ya Roma ilikuwa inakwisha. Ama Meinrad apokee ushemasi mdogo kabla ya Pasaka, na daraja zilizobaki zifuate, ama kiti kitangazwe kuwa wazi na ukoo mwingine ukichukue.

Dekano alimfuata hadi chumba cha nguo, maana Meinrad alikuwa bado na mazoea ya kuja kukaa juu ya kapu langu, ingawa sasa magoti yalimfika kidevuni. Nilikuwa napiga pasi. Kwa dekano, mtu anayepiga pasi ni sehemu ya pasi.

"Mtukufu, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga," alisema, akitabasamu.

"Sikuvua mimi," Meinrad akajibu. "Nilivuliwa."

Dekano akacheka, akidhani ni utani. "Aa, Mtukufu na maneno yako! Basi Jumamosi, sivyo? Ni hatua moja tu."

"Moja tu," Meinrad akasema.

Dekano alipotoka, Meinrad aliufunga mlango akaja kusimama karibu na meza yangu.

"Sitasogea, Mama Gesche."

Nikaiweka pasi pembeni nisije nikaunguza alba, ile kanzu nyeupe ya ibada. "Unasema kweli?"

"Sitagombana wala sitasema neno. Watauliza, nami nitasimama palepale. Hata wewe ungeweza."

"Una msichana?"

"Hapana."

"Unataka jeshi kama kaka yako wa pili?"

"Nipate na tumbo kama lake? Hapana."

"Basi utakwenda wapi?"

"Sijui. Sijawahi kufika huko." Akaugusa mkono wa alba uliokuwa bado una moto. "Nataka niulizwe nijibu mwenyewe. Mara moja. Baada ya hapo hata wakinipa kazi ya kulisha nguruwe nitalisha. Watu hawajawahi kuniuliza kitu, unajua? Hata kama nataka chumvi. Inawekwa tu."

Nilimwangalia, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi niliogopa kwa ajili ya mtu. Hofu ile nilikuwa nimeisahau. Haikuwa tamu, lakini niliijua ni yangu.

"Basi simama imara," nikamwambia. "Vaa soksi mbili. Sakafu ile ni barafu."

*

Jumamosi kanisa lilijaa. Nilikuwa kwenye mlango wa sakristia na pini zangu mdomoni, maana alba iliyoletwa na kaka yake ilikuwa ndefu mno nami niliikunja dakika za mwisho. Kutoka pale niliona kila kitu.

Meinrad alisimama peke yake. Hapakuwa na kijana mwingine siku hiyo. Ilionekana si adabu kumchanganya mwana wa mfalme na watoto wa wachuuzi. Hagemann aliketi mbele ya altare, uso mwekundu, jasho likimtoka katikati ya baridi ile. Akasoma maneno yote. Alisoma vizuri, polepole, na alipofika pale pa kusema mpaka saa hii uko huru, nilimwona Meinrad akiinua kichwa. Mtu mwenye kiu akisikia ndoo ikigonga kisimani huinua kichwa hivyo.

"Na kama unataka," Hagemann akasema, "kwa jina la Bwana, sogea hapa."

Meinrad hakusogea.

Alisimama wima, mikono pembeni, macho mbele. Watu wa nyuma hawakuelewa kitu. Wa mbele walianza kutazamana. Dekano akakohoa. Meinrad hakusogea. Nikazibana pini kwa meno, nikasema kimoyomoyo, umejibu, mwanangu, umejibu, sasa wakuachie.

Hagemann aliinua macho yake mabovu kutoka kitabuni. Alimwona mtawala wake amesimama mbali, anangoja. Nikauona uso wa mzee ukibadilika, kwanza kuduwaa, halafu aibu, aibu ile ya mtoto wa msaga nafaka aliyesahau kuvua kofia. Masikini, alielewa anavyoelewa mtu wa kwetu. Yeye ameketi, na mwana wa mfalme amesimama! Yeye ndiye aliyemwita mtawala amwendee!

Akainuka. Akashuka ngazi ya altare akishikilia majoho yake, akamwendea Meinrad, akainama, akamshika mkono.

Basi yakawa yamekwisha. Mwimbishaji alipomwona askofu amesimama alijua ni zamu ya litania, akaanza. Kwaya ikaitikia. Wakati wa litania mpokea daraja hulala kifudifudi sakafuni, kwa hiyo makanoni wawili wakaja, mmoja kwapa hili, mmoja kwapa lile, wakamlaza taratibu, wakamnyooshea na alba isijikunje. Watakatifu wote wakatajwa juu yake, mmoja baada ya mwingine, na kanisa zima likajibu utuombee. Nilitema pini. Nilitaka kupiga kelele. Mwanamke wa kufua angepiga kelele gani mbele ya altare?

Alipoinuliwa, uso wake ulikuwa uleule wa mtoto mwenye nta mkononi.

Kule sakristia, kabla hata sijamvua, Hagemann aliingia akilia. Machozi halisi, yakimshuka mpaka kidevuni.

"Mtukufu, unisamehe! Nimekusimamisha kwenye sakafu baridi kama mtumwa. Mimi nani hata uniendee mimi? Baba yangu alikuwa akisaga shayiri ya baba zako!"

Meinrad alimtazama. Nilijua ana neno moja tu la kusema, na lingeivunja siku ile, lingemvunja na mzee yule. Dekano alikuwa nyuma anasugua mikono, mjumbe wa kaka yake anapongezwa, na nje kengele zimeshaanza kulia.

"Asante, baba," Meinrad akasema.

Walipotoka wote, nilimfungua mshipi. "Ungesema," nikamwambia. "Neno moja tu, hapana, lingekukata mdomo?"

"Nilisema, Mama Gesche. Nilisimama."

"Niliona."

"Kweli uliona? Sikupiga hatua?"

"Hukupiga. Miguu yako haikutoka kwenye lile jiwe. Naapa."

Akaitikia kwa kichwa polepole. "Basi tuko wawili tunaojua." Halafu akasema, "Nilipolala pale chini nilingoja nione uchungu. Nikangoja mpaka watakatifu wakaisha. Sikuona kitu."

Nililia mimi, kwa niaba yake na kwa niaba ya wale wawili wangu ambao nilikuwa sijawalilia. Yeye alikaa juu ya kapu, akaningoja nimalize.

*

Alikuwa askofu mzuri, kwa kadiri mtu anavyoweza kuwa mzuri akiwa mbali na nafsi yake. Alijenga upya daraja la mto. Alipunguza magereza. Alikula maharage na nyama ya nguruwe kama mtu yeyote wa Hasebrok, bila kuomba chumvi. Hagemann alifariki akiwa amelala, naye alikuwa ameomba azikwe miguuni pa mahali ambapo mtawala angezikwa.

Jambo moja tu liliwashangaza watu. Maaskofu wana wa wafalme huwaachia wasaidizi wao kazi ya kutoa daraja. Ni ndefu na inachosha mgongo. Meinrad hakumwachia mtu. Kila mwaka aliketi mwenyewe mbele ya altare, akasoma mwenyewe yale maneno, mpaka saa hii mko huru. Kisha alinyamaza. Alinyamaza kuliko kitabu kinavyotaka, mpaka mishumaa ikasikika ikiungua. Vijana wote walipiga hatua yao kila mwaka, wengine kwa haraka, ili kimya kile kiishe. Makanoni walinung'unika kwamba Mtukufu anazeeka kabla ya wakati. Nami nilikuwa mlangoni na pini zangu.

Halafu ukaja mwaka wa Jobst, mtoto wa mpika pombe wa barabara ya kinu. Mama yake alikuwa amemwekea nadhiri tangu akiwa tumboni, na alikuja na ukoo mzima, na kofia mpya. Vijana sita walisimama mstari. Maneno yakasomwa. Watano wakasogea.

Jobst alibaki. Alikuwa na masikio makubwa, na masikio yalikuwa yamewiva mekundu.

Dekano mpya, aliyekuwa mpwa wa yule wa zamani, akamwinamia askofu na kunong'ona, lakini kwa kunong'ona kule kwa makanoni kunakosikika hadi mlangoni.

"Mtukufu, kijana ameona haya tu. Ukimwashiria mkono atakuja. Au nimsogeze?"

"Usimguse," Meinrad akasema. "Nimemuuliza. Ngoja ajibu."

"Mtukufu, watu wanaangalia..."

"Waangalie."

Mama yake Jobst alikuwa amesimama. "Jobst!" akaita kwa sauti ya kuita ng'ombe. "We Jobst! Sogea huko, usinitie aibu!"

Kijana akamtazama mama yake, akamtazama askofu. Meinrad alikuwa ameshika mikono ya kile kiti, ameikamata kwa nguvu zote, mgongo umegandamana na ubao. Kwa waliokuwa kanisani alionekana ni mtawala mwenye hasira. Mimi nilimjua. Alikuwa anajizuia asiinuke, asisogee hata upana wa unywele mmoja kumwelekea yule mtoto.

Jobst akafanya ishara ya msalaba, akageuka, akatembea katikati ya kanisa lote, viatu vikigonga mawe, mpaka mlango mkubwa. Mlango ule ni mzito, akausukuma kwa bega. Mwanga wa nje ukaingia, akatoka, ukafungwa.

Meinrad akawageukia wale watano, akaendelea na ibada.

Kule sakristia alikuja kwangu moja kwa moja na kunipa mikono yake nimvue glavu. Zilikuwa zimenata. Nilipozivuta niliona kucha zake, kupitia hariri, zilikuwa zimeingia ndani ya viganja, na damu imetoka kidogo kila upande.

Aliitazama mikono yake. Aliitazama kwa muda, akiikunja na kuikunjua, na midomo ikaanza kumtetemeka kama ya mtoto wa miaka saba.

"Mama Gesche," akasema, "inauma."

Nikamketisha juu ya kapu, nikaenda kutafuta mafuta ya bata bukini.